Neno "Recover" na Maana Zake

Wanafunzi wenzangu, sisi wa Kidato cha Nne twakaribia mtihani wa mwisho, na kila mmoja wetu analo daftari la maneno ya Kiingereza. Wengi huandika neno upande wa kushoto na maana yake upande wa kulia, neno moja kwa maana moja. Njia hiyo ni nyepesi, lakini yako maneno yasiyokubali kufungwa hivyo. Mojawapo ni "recover". Katika madaftari mengi ya bweni letu limeandikwa "kupona", basi. Nataka kueleza kwa nini hilo halitoshi.

Neno hili liliingia katika Kiingereza kutoka Kifaransa cha zamani, nacho kililipata katika Kilatini, ambamo "recuperare" ni kupata tena kitu kilichotoka mkononi. Tukilishika shina hilo, matawi yote yaonekana. Mgonjwa apata tena afya yake; sisi twasema amepona, au kama bado hana nguvu, amepata nafuu. Aliyezimia apata tena fahamu zake, twasema amezinduka. Polisi wapata baiskeli iliyoibwa, twasema imepatikana. Mtu aliyedhulumiwa apewa haki yake mahakamani; twasema amelipwa fidia. Kitu kilichozama chatolewa majini, twasema kimeopolewa. Mwingereza katika mambo yote hayo aweza kutumia "recover". Lugha yetu ina neno lake kwa kila jambo, na anayefasiri hana budi kuchagua.

Tena yafaa kuangalia ni nani atendaye. Kwa Kiswahili mgonjwa hupona na mganga huponya. Kwa Kiingereza mgonjwa ndiye "recovers", lakini daktari hawezi kum-"recover" mgonjwa wake; kazi ya daktari ina neno jingine, "cure". Kosa hili huonekana sana katika insha zetu.

Mfano mwingine ni wa mikopo. Tunayo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2004. Kwa Kiingereza husemwa kwamba Bodi "recovers" fedha zake. Kwa Kiswahili twasema waliokopeshwa wanarejesha mikopo. Fedha ni zilezile, ila Kiingereza chamtazama anayepokea, na Kiswahili chamtazama anayetoa. Mdaiwa akisema kwa Kiingereza kuwa yeye ndiye "recovers" mkopo wake, amejifanya Bodi, na deni lake liko palepale!

Sasa nafika kwenye jambo kubwa. Neno letu "kupona" nalo lina maana mbili. Mtu hupona malaria, yaani alikuwa mgonjwa, sasa ni mzima. Mtu pia hupona ajali, yaani ilimpitia karibu, naye akatoka na uhai wake. Maana ya pili kwa Kiingereza ni "survive", wala si "recover". Na mtu akitolewa hatarini akiwa hai, wao husema "rescue". Habari ya ajali majini ikisema watu wamekuwa "recovered", mara nyingi ni maiti zilizoopolewa.

Mimi ni mzaliwa wa Ukerewe. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichotoka Bugolora, kilipinduka kilipokaribia gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Watu zaidi ya 200 walikufa. Nilikuwa katika shule ya msingi. Jirani yetu mmoja, ambaye sisi watoto tulimwita Bibi, alikuwa na mwanawe ndani ya kivuko kile. Siku ya pili baada ya ajali fundi mmoja wa mitambo alitolewa akiwa hai, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kukata tamaa. Kijana mmoja wa mtaani alisoma katika simu yake habari ya Kiingereza kwamba watu wengine wamekuwa "recovered" kutoka ziwani. Akapaza sauti, "Wamepona wengine!" Akina mama wakapiga vigelegele. Bibi akaagiza uji upikwe, akatandika kitanda cha mwanawe kwa mkono wake mwenyewe.

Alasiri alikuja mwalimu mmoja mstaafu, akaomba aione habari ile. Aliisoma mara mbili, akamrudishia kijana simu bila kumlaumu. Kisha akamwendea Bibi, akasema polepole, "Dada yangu, hapa hawasemi wamepona. Wanasema wameopolewa." Bibi hakujibu. Aliingia jikoni akaufunika ule uji.

Kijana yule hakuwa mwongo wala mpumbavu. Alisoma kama madaftari yetu yasemavyo.

Kwa hiyo natoa shauri. Tusiandike neno peke yake, bali tuandike sentensi nzima, na chini yake Kiswahili chake: mgonjwa kwa sentensi yake, baiskeli kwa yake, deni kwa lake, na maiti kwa yake. Tena tuangalie kistari, maana "re-cover" yenye kistari ni kufunika upya, kama kiti kikivishwa kitambaa kipya. Kazi itakuwa ndefu zaidi, na daftari litajaa upesi. Lakini mitihani ikiisha tutarudi makwetu, na huko wapo wazee watakaotuletea barua ya hospitali, hati ya mahakama au habari ya gazeti, na kutuambia, "Mjukuu wangu, nisomee hapa wamesemaje." Hawatakuwa na njia ya kutusahihisha. Watakalolisikia kwetu ndilo watakaloliamini.