Mlio wa Bunduki Tupu

Bunduki isiyo na risasi nayo ina mlio wake. Ni mlio mfupi, mkavu, wa chuma kugonga chuma. Niliusikia mara ya kwanza Oktoba 1996, nikiwa na miaka 10, kwenye kizuizi cha barabarani nje kidogo ya Baraka, kule Fizi, Kongo. Askari mmoja alimwekea baba yangu mtutu kichwani, akafyatua. Haikuwa na kitu ndani. Wenzake wakacheka, wakatuambia tupite. Siku chache baadaye tulivuka Ziwa Tanganyika usiku kwa boti hadi Kigoma, na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ikawa kwetu kwa karibu miaka 20.

Milio ya risasi zenyewe niliisikia mingi, na kwa kweli mingi nimeisahau. Ule wa bunduki tupu haukunitoka. Mtu akibana komeo la mlango ghafla, au akibofya kalamu karibu na sikio langu, mwili ulitangulia kabla sijafikiri: mabega juu, mikono kichwani. Kambini hakuna aliyenishangaa, maana kila mmoja wetu alikuwa na chake. Niliposhuka Lexington, Kentucky, mwaka 2016, na mke na watoto wawili, ndipo nilipoanza kuona aibu.

Tarehe 4 Julai ya mwaka uliofuata, Wamarekani waliporusha fataki za sikukuu yao ya uhuru, nilizima taa zote na kuwalaza watoto ndani ya beseni la kuogea, mimi nikiwa nimewafunika kwa mgongo. Mtoto mkubwa alilia. Hakulia kwa sababu ya fataki. Alilia kwa kuniona mimi.

Kesho yake jirani yetu, mzee aliyestaafu ufundi wa mashine, aliniuliza mbona nyumba ilikuwa giza. Nikamweleza yote, hadi kizuizi cha Baraka. Hakunipa pole wala ushauri. Jumamosi aliniita gereji kwake. Mezani alikuwa ametandika taulo, na juu ya taulo kulikuwa na kipande kimoja cha chuma, urefu wake kama kiganja na nusu, chenye mkono uliopinda. Bunduki yenyewe haikuwepo.

"Hili ni komeo lake," akasema. "Peke yake haliwezi kumdhuru mtu. Lishike."

Nililishika. Lilikuwa baridi, zito kuliko nilivyodhani, na lilinukia mafuta ya cherehani. Alinionyesha jinsi mkono unavyoinuliwa, ukavutwa nyuma, ukasukumwa mbele na kulazwa, sawasawa na komeo la mlango wa choo chetu cha kambini. Alinionyesha pini ndogo inayochomoza mbele, akanieleza kwa nini risasi ya bunduki hiyo, ndogo ya kipimo cha .22, ni tofauti na zile kubwa. Zile kubwa zina fataki katikati ya kitako cha ganda. Hii ndogo, ambayo aina yake ya sasa imekuwepo tangu 1887, fataki yake imesambazwa ndani ya pindo la ganda, duara zima. Pini haigongi katikati, inagonga ukingoni. Nilikaa naye saa mbili. Nilikuwa nimeogopa kitu hiki tangu utoto bila kujua hata kimoja cha viungo vyake.

Bunduki yangu mwenyewe, nayo ya .22, niliinunua 2019, katika duka la rehani. Ilikuwa imeegemezwa ukutani karibu na mashine za kukatia nyasi, dola 95, ni Marlin ya modeli 80. Muuzaji aliniambia waziwazi kwamba risasi huingia kwa shida. Nilionyesha kadi yangu ya ukazi wa kudumu, nikajaza fomu ya serikali, majina yangu yakapitishwa kwenye mfumo wa ukaguzi, nikalipa. Mke wangu alinipokea mlangoni na mkono kiunoni.

"Baba watoto, hicho kitu hakilali humu ndani."

Hakikulala. Kwa miezi minane ya kwanza bunduki yangu ilikaa katika kabati la chuma la jirani, nami nikawa naitembelea kama mgonjwa wodini.

Haikuwa na namba ya utambulisho popote. Niliogopa, nikidhani nimeuziwa mali ya wizi, hadi mzee aliponieleza kwamba Marekani haikulazimisha namba kwenye bunduki hizi ndogo mpaka sheria ya 1968. Basi yangu ilitoka kabla ya hapo, enzi ambazo Marlin walikuwa bado na kiwanda chao New Haven, Connecticut. Inakaribiana umri na baba. Kitako chake ni cha mti wa mjozi, mti halisi, ingawa wakati huo ulikuwa mweusi kwa jasho la watu nisiowajua, na juu yake mtu alikuwa amepaka vanishi nene inayobanduka kama ngozi iliyoungua. Bunduki hizi zilitengenezwa ziwe za bei nafuu, za kijana wa shamba wa kuwinda kindi. Hazina mapambo. Lakini aliyezichonga aliheshimu kazi, na hilo nililijua nilipoanza kuifungua.

Tulianza na ile shida ya risasi kuingia. Mzee alimulika tochi kwenye chemba, akanipa kioo cha kukuzia. Ukingoni mwa tundu, sehemu moja tu, chuma kilikuwa kimebonyea, na pembeni mwa bonyeo kimevimba kuelekea ndani, kidogo kuliko punje ya ulezi. Nilipitisha ncha ya ukucha, ukakwama.

"Mtu ameichezea hii bila risasi," mzee akasema. "Mara nyingi sana. Labda mtoto."

Pindo la risasi likiwepo, pini hugonga pindo. Lisipokuwepo, katika bunduki nyingi za zamani za aina hii, pini huendelea mbele na kugonga ukingo wa chemba. Kila mlio mtupu ni pigo moja kwenye chuma. Niliweka kioo mezani, nikatoka nje, nikasimama chini ya mti wake mpaka mikono ilipotulia. Sikumweleza kilichonitoa, na hakuuliza.

Kifaa cha kurekebisha ni kijiti cha chuma kigumu, laini, kilichochongwa kwa umbo la risasi yenyewe. Unakiingiza kwenye chemba na kukizungusha taratibu, kinausukuma ule uvimbe urudi ulikotoka. Hakikati chuma, hakikwangui. Mzee alizungusha mara tatu akanipa, nami nikamalizia. Risasi ya kwanza iliyoingia bila kulazimishwa, iliingia kwa kidole gumba tu.

Kovu lile lilinifundisha jambo jingine, na hili nalisema kwa nguvu zangu zote kwa ndugu zangu tulioko huku: bunduki hii iliwahi kuachwa mahali ambapo mtoto anafika. Huenda ilikuwa tupu kila mara. Mara moja tu isingekuwa tupu, habari ingekuwa nyingine. Ilipokuja kuhamia kwetu, mke wangu aliponipa ruhusa, ilikuta kabati lenye kufuli, na risasi zina sanduku lake chumba kingine. Funguo anazo yeye.

Yaliyobaki yalikuwa kazi ya mikono. Mtutu niliusafisha kwa brashi ya shaba, kutoka nyuma kwenda mbele, mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Masizi na nta vilikuwa vimegandamana mwanzoni mwa chemba kama ukoko wa ugali. Kifyatulio kilikuwa kizito na kinakwaruza, nikadhani kinahitaji tupa. Mzee alinikataza kabisa, akasema tupa hapo humfanya mtu awe na bunduki inayojilipukia. Tuliosha mafuta ya miaka mingi yaliyokauka yakawa kama gundi, tukatia tone moja jipya, na ukwaruzaji ukaisha. Vanishi niliiondoa, nikasugua mti kwa msasa laini na stilwaya, nikapaka mafuta ya kitani kwa kiganja, tabaka jembamba kila siku kwa wiki mbili. Mistari ya mti ilijitokeza polepole, ya kahawia iliyoiva, na upande mmoja ina wimbi kama maji ya ziwa jioni. Hakuna aliyekuwa ameiona kwa miaka mingi.

Kisha nikahitaji kujizoeza kufyatua. Mtu hawezi kulenga vizuri kama kidole chake kinashtuka. Mazoezi hufanywa bila risasi, na mimi nilikuwa nimeapa kwamba chemba ile haitapigwa tena. Mzee akacheka, akafungua droo, akatoa plagi ya plastiki ya njano, ile ndogo mafundi wanayoizamisha ukutani kabla ya kufunga skrubu. Inaingia kwenye chemba ya .22 kana kwamba ilitengenezwa kwa ajili yake, na pini inagonga plastiki badala ya chuma.

Jioni ya kwanza nilikaa na bunduki ikiwa imeelekea ukuta wa matofali wa gereji, plagi ndani, kwa saa nzima. Sikufyatua. Jioni ya pili nilifyatua mara moja. Ulikuwa mlio uleule, umefifishwa kidogo na plastiki, na mabega yangu yalipanda yenyewe kama siku zote. Nilitoa plagi, nikaigeuza pindo, nikairudisha. Jioni ya tatu mara mbili. Sikuhesabu siku, ila najua kwamba tulianza majani ya miti yakiwa mabichi, na kabla ya theluji ya kwanza nilifyatua mara 20 mfululizo, na katika ile ya 20 nilikuwa nawaza kama nimezima jiko. Niliweka bunduki chini. Nililia, bila sauti, kwa muda mrefu.

Nilifanya kozi ya usalama ambayo Kentucky humtaka kila mwindaji aliyezaliwa kuanzia 1975. Bado sijawinda. Napenda shabaha ya karatasi. Mwanzoni, kwa yadi 50, risasi zangu tano zilitawanyika upana wa kisosi. Skrubu inayounga chuma na mti ilikuwa imelegea, tukaikaza. Halafu tukajaribu risasi za aina sita, maana kila mtutu una chaguo lake, na mara nyingi la bei kubwa si lake. Wangu ulikataa zile za kasi. Ulipenda za kawaida, zinazokwenda chini ya kasi ya sauti, ambazo hazitikisiki njiani. Sasa, siku ninayopumua vizuri, sarafu ya senti 25 inafunika matundu yote matano.

Julai iliyofuata hatukuingia bafuni. Tulikaa barazani. Nilishtuka kwa fataki ya kwanza, na ya pili, mkono wa mwanangu ukiwa ndani ya wangu. Sisemi kwamba nimepona kabisa, wala simwambii mtu aliyeumizwa na bunduki aende kununua bunduki. Wapo walioponea kwenye sala, wapo kwenye shamba. Mimi ilinibidi nikifungue kile kitu, nikioshe, nikione ndani.

Baba yangu yuko bado Nyarugusu. Faili lake la kuhamia Marekani lilibaki nyuma. Huchonga mipini ya majembe na kuiuza. Nilimficha habari hii zaidi ya mwaka mzima. Nilipompigia na kumwambia kwamba mwanao anayo bunduki, na kwamba ameitengeneza mwenyewe, alinyamaza hadi nikadhani mtandao umekatika.

"Kitako chake ni mti gani?" akauliza.

"Mjozi, baba."

"Siujui. Mgumu kama mninga?"

"Unaukaribia. Laini kidogo."

"Umeupaka nini?"

"Mafuta ya kitani. Kidogo kidogo, kila siku."

"Sisi tulikuwa tunapaka mawese," akasema. "Mti unakuwa mwekundu, na kiganja hakichubuki. Nitumie picha, niuone."