Barua kwa Mpwa Mwenye PlayStation Tukuyu

Mpwa wangu,

Mjomba wako amesikia kuwa PS5 inazima katikati ya mechi, na kwamba nyumbani hawaelewi mashine inapataje moto Tukuyu, mji ambao mwezi Juni watu hukaa sebuleni na makoti. Mshangao huo wanao wengi wilayani Rungwe. Ila joto linaloizima halitoki nje. Kwenye gemu nzito PS5 hutumia wati 200 hivi, na karibu umeme wote huo huishia kuwa joto, kana kwamba mtu amefungia humo balbu mbili za zamani za wati 100. Kazi ya kulitoa ni ya feni.

Sebule zetu ndizo zinazoikwamisha. Mashine husukumwa ndani ya kabati la televisheni, mgongo ukagusa ukuta, kisha juu kikatandikwa kitambaa cha kufuma. Kitambaa ni kizuri, tena kazi ya mikono ya mama, lakini kikatandikwe kwenye kochi. Sony inataka nafasi ya sentimita 10 au zaidi kutoka ukutani, na hewa isiyozidi nyuzi 35. Baridi ya Tukuyu haiingii kwenye kabati lililofungwa. Isitoshe, mji uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, hivyo feni hubeba joto pungufu kwa mzunguko uleule.

Kampuni kubwa nazo zimeumizwa na joto la mashine. Julai 2007 Microsoft ilitenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa ajili ya Xbox 360 zilizokuwa zikifa na kuwasha taa 3 nyekundu. Wahandisi wake walikuja kueleza kuwa viungio vilikatika kwa kupata moto na kupoa, kupata moto na kupoa.

Vumbi la kiangazi linaloziba njia ya hewa nalo litolewe kwa brashi laini, kavu, mashine ikiwa imechomolewa. Kupuliza kwa mdomo kunaingiza mate.

Na wanaoteremka nayo Kyela wikiendi wawe waangalifu. Mashine iliyotoka baridini ikiingia kwenye joto la unyevu la Ziwa Nyasa, hutoa jasho ndani. Iachwe saa kadhaa kabla ya kuchomekwa.

Ikizima, la kwanza ni kusoma ujumbe kwenye skrini. Ujumbe ukisema imepata moto, ipumzishwe, isafishwe. Ikizima bila ujumbe wowote, soketi na waya vikaguliwe kabla ya kulaumu joto. Ikiwa safi na bado inachemka, ndipo fundi aitwe, lakini aulizwe mapema kama amewahi kufungua PS5: chipu yake imepakwa metali ya majimaji inayopitisha umeme, na tone moja likidondoka pasipostahili linaweza kuunguza bodi.

Mjomba wako