Gerezani, Chini ya Mgongo wa Chura

Ndugu msomaji, ukishuka katika basi la mwendo kasi kituo cha Gerezani, Dar es Salaam, usiulize njia. Fuata mlio wa nyundo. Utayapita maduka ya vipuri, utawapita mafundi wanaogeuza mapipa kuwa majiko, na hatimaye utafika penye magari yasiyo na milango wala viti. Hapo ndipo nilipoipeleka Volkswagen ya marehemu baba, ile tuliyozoea kuiita mgongo wa chura.

Sikwenda kwa hiari. Siku moja ya masika binti yangu, aliyekaa nyuma yangu, alilalamika kwamba maji yanamrukia miguuni. Nilipoinua zulia niliiona barabara. Mama watoto alitoa shauri lake papo hapo: liuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Nikaomba kwanza nimwone fundi.

Fundi, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, hakutazama rangi wala injini. Alichuchumaa, akatwaa bisibisi, akaanza kuidunga sakafu. Palipokuwa na chuma kizima bisibisi ililia; palipooza ilizama kama katika muhogo uliochemka. Kisha akaondoa kiti cha nyuma. Betri ya gari hili hukaa chini ya kiti hicho, upande wa kulia, na tindikali inayovuja huanza kula bati kabla chumvi ya hewa ya pwani yetu haijapata zamu yake. Pale hapakuwa tena na bati. Palikuwa na puti iliyopakwa lami, kazi ya fundi mwingine ambaye baba alimlipa fedha nzuri. Kwa macho palikuwa pazima kabisa.

"Mwanangu," akasema, "nikikubandikia bati juu ya kutu, leo utanishukuru na mwakani utanilaani."

Pengine wauliza, msomaji, sakafu ina nini hata itutie hofu. Uti wa mgongo wa gari hili ni mfereji wa chuma uliopita katikati, na sakafu ni mabamba mawili yaliyochomelewa kushoto na kulia kwake. Bodi imefungwa kwa bolti kwenye kingo za mabamba hayo. Kiti cha dereva nacho kimeshikwa na bamba. Likioza, ukakanyaga breki ghafla, kiti chaweza kung'oka nawe umekikalia.

Gari likapandishwa juu ya magogo, likasawazishwa ili milango isije ikakataa kufunga. Bamba la kulia likakatwa kwa tindo na msumeno mpaka chuma kikang'aa. Mahali pa betri palioshwa kwa maji ya magadi, povu likafoka. Hiyo ndiyo tindikali inayouawa. Bati jipya la unene wa kama milimita moja halikumridhisha likiwa tambarare, kwani hulegea na kulia kama debe. Akalifinyanga mikunjo kwa nyundo juu ya bomba, akiiga ile ya kiwandani. Kiwanda cha mwisho kuyaunda magari haya, cha Puebla nchini Mexico, kiliacha mwaka 2003, baada ya magari zaidi ya milioni 21 kuundwa duniani. Mabamba mapya ya kuagiza ng'ambo yapo, ila si kwa mshahara wangu.

Kazi ikasimama hapo. Ndani ya ule mfereji unapita mrija wa petroli, na fundi alikataa katakata kuwasha moto kabla tangi halijamwagwa na mrija kupulizwa ukakauka. Kijana mmoja akasimama na ndoo ya mchanga. Nami, sitaki kukudanganya, nilihamia ng'ambo ya barabara. Alichomelea tone moja hapa, tone jingine kule, bati lisipate joto likajikunja. Mwisho akapaka rangi ya kuzuia kutu, na juu ya betri akaweka mpira ili springi za kiti zisiguse vichwa vyake zikawasha moto.

Upande wa kushoto pana pembe moja karibu na mlango ambayo bisibisi haikulia. Tumepatana kuikata mwisho wa mwezi. Jumapili iliyopita mama watoto alikubali kupanda, akakaa nyuma yangu, juu ya bamba jipya. Kabla hatujaondoka, binti alifunua zulia, akagonga chini kwa kisigino mara tatu, ndipo akafunga mlango.