SAFARI NA MTOTO, Sehemu ya 4: Kahawa, bokoboko na asali ya Bibi



Wiki iliyopita niliishia pale tulipotua Muscat, mimi na mwanangu wa miezi mitano, tunakwenda kumuona shangazi yangu aliyeolewa Oman miaka mingi. Wengi mmeniuliza swali moja: mama anayenyonyesha akiwa ugenini, anakula nini na anaacha nini? Leo nalijibu, ila kwanza niwasimulie.

Mimi ni mtoto wa Mlingotini. Nimekulia kwenye wali wa nazi, samaki wa kuchoma na ugali wa muhogo, mama yangu akitoka kwenye mwani na nguo zimelowa hadi kiunoni. Chakula cha watu wengine nilikuwa nakiona kwenye televisheni tu. Kwa hiyo tulipofika Nizwa nyumbani kwa shangazi, nikaletewa birika la kahawa na sinia la tende hata kabla sijavua viatu vizuri, nilijiandaa kukutana na kahawa yetu ile nyeusi ya kijiweni, ya kunywa na kashata.

Siyo hiyo jamani. Kahawa ya Oman ni nyepesi, rangi yake karibu na chai ya rangi, imejaa iliki, na nyumba nyingine wanatia zafarani au maji ya waridi. Sukari hakuna, utamu unautoa kwenye tende. Kikombe ni kidogo hakina mkono, kinajazwa kidogo tu, unapokea kwa mkono wa kulia. Ukikirudisha kimya kimya unajaziwa tena. Ukitosheka unakitikisa. Mimi sikuambiwa habari ya kutikisa, nikajaziwa mara nne hadi shangazi akacheka, "Mwanangu, tikisa, la sivyo utakesha!" Kahawa hiyo ya Kiarabu ndiyo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2015, Oman ikiwemo.

Sasa hapo uuguzi wangu ukaamka. Vikombe ni vidogo, lakini kila nyumba unayoingia unapewa, na siku moja unaweza kuingia nyumba tano. Kafeini inapita kwenye maziwa ya mama, kidogo, lakini mtoto mchanga anachelewa kuitoa mwilini, anaweza kukosa usingizi na kulialia. Kwa wajawazito, Shirika la Afya Duniani linashauri anayezidisha miligramu 300 za kafeini kwa siku apunguze. Basi utaratibu wangu ukawa vikombe viwili asubuhi, baada ya hapo natikisa. Na sinywi pamoja na chakula, nasubiri kama saa moja hivi, kwa sababu chai na kahawa vinazuia mwili kuchukua madini ya chuma ya kwenye mboga na nafaka. Mama uliyetoka kujifungua, damu yako bado unaijenga.

Chakula cha mchana kilinishangaza kwa namna nyingine. Shangazi aliniambia leo utakula harisi, kitu cha Waarabu hicho. Kuonja tu, kumbe ni bokoboko! Ngano na nyama vimepikwa hadi vikalainika, vikapondwa, juu samli. Watu wa Mombasa na Unguja wanaijua vizuri, sisi wengine tunaipata kwenye shughuli. Papa mkavu nilimkuta huko pia. Pwani yetu na Oman zimekula sinia moja muda mrefu, tangu enzi za Seyyid Said aliyehamishia makao yake Unguja, na waliorudi Oman baada ya mwaka 1970 walirudi na Kiswahili chao na mapishi yao. Nilikuwa najiona mgeni, kumbe ni nusu mgeni.

Kulikuwa na maziwa ya ngamia pia, yametoka shambani kwa jamaa yao asubuhi ile. Nilitamani kuonja, nikaomba yachemshwe kwanza. Sikuona aibu kuomba. Maziwa mabichi, ya ngamia, ng'ombe au mbuzi, yanaweza kuleta brusela, homa inayosumbua kwa wiki nyingi na kwa mjamzito inaweza kuharibu mimba. Yalipochemka nikanywa. Yana chumvichumvi kwa mbali, mazuri tu.

Sasa nifike kwenye asali.

Mama mkwe wa shangazi ni bibi mtu mzima sana, amezaliwa Unguja, Kiswahili chake kitamu kuliko changu. Alimpenda mwanangu mno. Siku ya tatu akaja na kikopo cha asali ya milimani na kijiko kidogo. "Mlete mjukuu wangu nimlambishe, kifua chake kipate nguvu. Wangu wote wanane nimewalambisha."

Mama zangu, hapa ndipo wengi wetu tunaposhindwa. Ni mkubwa, ni mwenyeji, anakupenda, na wanane wake wako hai. Utamwambiaje hapana?

Lakini asali chini ya mwaka mmoja ni hapana. Inaweza kubeba mbegu za bakteria anayesababisha botulizimu. Tumbo la mtu mzima linazimudu, tumbo la kichanga zinaweza kuota humo na kutoa sumu inayolegeza misuli: choo kinafunga, sauti ya kulia inakuwa dhaifu, kunyonya kunamshinda, hadi kupumua. Kuichemsha kwenye uji hakuziui mbegu hizo. Ni ugonjwa wa nadra, ndiyo maana wanane wa Bibi walikua salama, lakini mimi nina huyu mmoja.

Sikumhutubia Bibi. Nilimpokea kile kikopo kwa mikono miwili nikamwambia, "Bibi, huyu bado anakula kwangu tu hadi miezi sita itimie. Nitilie mimi kwenye chai, nile kwa niaba yake." Akanitazama, akacheka, akasema, "Haya, mama ndiye bakuli la mwana." Akanipikia chai ya zaatari, yale majani yao ya mlimani yenye harufu kali, akatia asali vijiko viwili. Hadi tunaondoka, kila jioni kikombe changu kilikuwepo, na mtoto hakulambishwa kitu. Shangazi aliniambia baadaye kwamba Bibi alimweleza mjukuu wake mwingine mwenye mimba: asali ya mama, siyo ya mtoto.

Bibi alinipa na uji wa hulba, wanawapa wazazi ili maziwa yajae. Nilikunywa kidogo, kwa ladha. Kinacholeta maziwa hasa ni mtoto kunyonya mara kwa mara, usiku na mchana. Na mjamzito asitumie hulba nyingi kama dawa bila kumuuliza mhudumu wa afya.

Kwa hiyo jibu langu kwa mliouliza: onjeni. Mama akila vya aina nyingi, ladha zake zinapita kidogo kwenye maziwa, mtoto anaanza kuzizoea mapema. Kilichopikwa kikaiva na kuletwa cha moto, kula. Maziwa yachemshwe. Kahawa kwa kipimo. Na kinywa cha mtoto chini ya miezi sita ni cha maziwa ya mama peke yake, hata kama anayeleta kijiko ni mtu unayempenda. Mtafutie huyo mtu njia ya kukupa wewe upendo wake, ataridhika.

Sehemu ya 5 nitasimulia joto la huko, na dalili za mtoto kupungukiwa maji mwilini.