Shafaki na Mwanga Usiozimika

Mama mmoja wa darsa letu la Frere Town alituuliza: "Sheikh, baada ya Magharibi natazama mbingu, naona weupe hauishi. Isha yaingia lini?"

Swali hilo lina uzito, kwani wanazuoni wetu wa Kishafi wamefungamanisha kuingia kwa Isha na kutoweka kwa shafaki, yaani ule wekundu wa mbingu. Nayo shafaki ni mabaki ya nuru ya jua lililokwisha kutua. Kwetu, karibu na Ikweta, jua hushuka takriban wima. Saa moja na dakika kumi hivi baada ya kuchwa, giza hukamilika.

Ila giza hilo si tupu. Huko juu, yapata kilomita 100, hewa iliyopigwa na jua mchana kutwa hutoa mwanga hafifu wa kijani usiku kucha. Ni nadra jicho kuutambua. Mwaka 1988 setilaiti San Marco D/L ilirushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, pwani yetu hii hii, ikiwa na chombo cha kuupima. Mwanga huo si shafaki. Mwenye kuungojea uishe kutampambazukia hajasali.

Weupe anaouona mama yetu, tunavyodhani, ni wa karibu zaidi: taa za kisiwani, na mulika mwizi (hatuzilaumu, zatulindia watoto). Tulimwambia apande darini, ajikinge na taa, atazame machweoni, aangalie wekundu peke yake. Ukishatoweka, atandike msala.