Shira ya Mti na Kiswahili cha Mpwa Wetu

Kwa muda wa miaka ishirini tumesimama mbele ya ubao mjini Bujumbura tukiwafundisha watoto wa watu Kiswahili, na katika miaka yote hiyo hakuna neno tulilolitumia mara nyingi zaidi kuliko neno "safi". Insha safi, matamshi safi, Kiswahili safi. Tulidhani twaijua maana yake. Haikutupitikia hata siku moja kwamba itatubidi kuvuka bahari na kusimama kando ya moto, katika shamba lililofunikwa na theluji, ndipo tufundishwe maana hiyo na mtoto wa miaka kumi. Kisa chenyewe ni hiki, nasi twawasimulia walimu wenzetu bila ya kuificha aibu yetu.

Mwezi wa Machi 2019 tulialikwa na mdogo wetu wa kike, aliyeolewa na kuhamia jimbo la Quebec nchini Kanada, karibu na mji wa Sherbrooke. Tumezaliwa naye tumbo moja katika mtaa wa Buyenzi, mtaa ambao Kiswahili ndiyo lugha yake ya barazani na sokoni tangu enzi za babu zetu. Mwanawe, mpwa wetu, alizaliwa hukohuko ugenini. Kwa muda mrefu mdogo wetu alikuwa akitulalamikia kwa simu kwamba mtoto anakisikia Kiswahili lakini hakisemi. Akiulizwa kwa Kiswahili hujibu kwa Kifaransa.

"Kaka," alituambia usiku ule tulipowasili, hata kabla hatujavua koti, "wewe ni mwalimu mwenye diploma. Una wiki tatu. Nakuomba unifungulie kinywa cha mwanangu."

Tuliianza kazi asubuhi ya pili. Tulinunua daftari, tukachora jedwali la ngeli, tukamketisha mtoto mezani kila alipotoka shule. Akisema "kitabu yangu", tulimrudisha: "kitabu changu". Akisema "maji iko moto", tulimrudisha: "maji ni ya moto". Hatukumkaripia hata mara moja. Tulimsahihisha kwa upole, kama tulivyofunzwa chuoni. Lakini juma moja lilipopita, kinywa kilikuwa kimefungwa kuliko tulivyokikuta. Mtoto aliyekuwa akijaribu maneno mawili matatu sasa hakujaribu hata moja. Tukiingia sebuleni, yeye hutoka. Mdogo wetu alituangalia bila ya kusema neno, na kutosema kwake kulitukaa moyoni.

Siku ya Jumamosi shemeji yetu alituambia: "Twendeni shambani, mwalimu. Mtoto naye apumzike na daftari."

Shamba hilo si lake. Ni la wazee wawili, mume na mke, ambao wamelirithi kwa wazazi wao, naye huwasaidia kila mwaka majira hayo yanapofika. Na zao la shamba hilo si mahindi wala viazi. Ni maji yatokayo ndani ya mti. Mti wenyewe ni mepo, ule ambao jani lake limechorwa katika bendera ya Kanada tangu mwaka 1965. Maji yake huchemshwa mpaka yawe shira tamu, na jimbo la Quebec peke yake hutoa takribani asilimia 70 ya shira yote ya mepo duniani. Ujuzi huo haukuletwa na Wazungu. Wenyeji wa asili wa nchi hiyo, Waabenaki wakiwa miongoni mwao, waliujua utamu wa mti huu kabla ya Wazungu kufika, na ndio waliowaonyesha wageni.

Tulipofika msituni tulishangaa. Miti haikuwa na jani hata moja, theluji ilitufika magotini, na katika kila shina palikuwa pametundikwa ndoo ya bati yenye kifuniko. Tulisimama kama watu waliopotea njia. Hapo ndipo mpwa wetu aliposogea, akafunua kifuniko cha ndoo moja, akatutazama. Tuliona ndani maji meupe kama ya kisimani. Tukayaonja kwa kidole: utamu wake ulikuwa mdogo mno, kama maji yaliyosuuza kikombe cha chai.

"Sukari iko wapi?" tuliuliza. Wala hatukuuliza kwa hila ya kimwalimu; kweli hatukujua.

Mtoto alifikiri kidogo. "Iko ndani," alisema. "Lakini kidogo. Maji mingi."

"Maji mengi" ilitujia mdomoni, lakini tuliimeza, kwa sababu tulitaka kujua zaidi. Naye akaeleza. Akikosa neno la Kiswahili alitumia mikono, na akikosa mikono alitia neno la Kifaransa, shemeji akatutafsiria. Hivi ndivyo tulivyojifunza.

Mti haupasuliwi kovu kubwa. Hutobolewa tundu dogo kwa keekee, lenye kina cha sentimita tano hivi, likielekea juu kidogo ili maji yapate kuteremka, kisha hupachikwa mrija mfupi na kutundikwa ndoo. Mti mwembamba hautobolewi. Hungojwa mpaka shina lifike upana wa sentimita 20 au 25, na huo huwa ni mti wa miaka 40 hivi. Mwaka ufuatao tundu jipya hutobolewa mbali na la zamani, na la zamani mti hulifunga wenyewe. Tena maji hayatoki siku yoyote mtu apendayo. Sharti usiku uwe wa baridi ya kugandisha, na mchana uwe na joto la kuyeyusha. Baridi ya usiku huyavuta maji ndani ya mti, na joto la mchana huyasukuma nje. Majira hayo hudumu majuma machache tu. Machipukizi yakianza kufunguka, ladha huharibika na kazi huwa imekwisha.

Siku ile tulikusanya lita zipatazo mia sita, tukazimimina katika pipa lililovutwa na trekta. Tuliambiwa ni lazima zichemshwe upesi, kwani maji hayo huchacha kama maziwa. Basi tukaingia kibandani. Humo mlikuwa na jiko refu la kuni, na juu yake karai pana la bati lisiloshika kutu. Moto uliwashwa saa nane mchana, na haukuzimwa ila baada ya saa sita za usiku. Mvuke ulijaa kibanda kizima, mtu asimwone mwenzake, na kwa kila lita arobaini za maji yaliyoingia karaini ilipatikana lita moja ya shira. Hesabu haikosei, kwa kuwa katika maji yale sukari ni kama sehemu mbili tu katika mia.

Tulipouona moto ule tulimkumbuka bibi yetu wa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, aliyekuwa akichemsha chikichi kutoa mawese. Naye alikuwa haondoki motoni. Tulimsimulia mpwa wetu habari za bibi huyo, na kwa mara ya kwanza alituuliza swali kwa Kiswahili: "Bibi alikuwa na karai kubwa hivi?" Tukamjibu kwamba alikuwa na pipa lililokatwa katikati.

Usiku ulipokuwa mwingi, wazee na shemeji walitoka kwenda kuleta kuni, tukaachiwa ulinzi wa karai, sisi na mtoto. Tukaona huo ndio wasaa mzuri. Tabia ni kama ngozi ya mwili. Tulianza kumweleza, kwa utaratibu, kwamba maji ni ngeli ya pekee, kwamba husemwi "maji mingi", na kwa nini. Tulikuwa tumeipa karai kisogo. Ghafla mtoto akapiga ukelele:

"Mjomba! Povu inapanda! Povu inapanda!"

Tukageuka. Povu jeupe lilikuwa limefika ukingoni mwa karai, likitaka kumwagikia motoni. Sisi tulisimama tumeduwaa. Mtoto alichukua kipande cha siagi kilichokuwa rafuni, kidogo kama punje ya mahindi, akakitupa katikati ya povu. Likanywea mara moja, kama mtu aliyeambiwa neno la kumtuliza. Baadaye tulielezwa kwamba mafuta kidogo huvunja povu, na kwamba lau lingemwagika, kina cha shira kingepungua, karai lingeungua, na kazi ya kutwa nzima ingekwenda na moshi.

Tuliketi juu ya gogo. "Povu inapanda." Mwalimu yeyote wa darasa la tatu angelipiga mstari mwekundu chini ya sentensi hiyo, kwa kuwa povu hupanda kwa "li". Lakini tujiulize kwa haki, ndugu zetu: kati ya watu wawili waliokuwamo kibandani usiku ule, ni nani aliyekitumia Kiswahili kwa kazi ambayo lugha iliumbiwa?

Shira ilipoiva ilijulikana kwa dalili mbili. Kipimajoto kilifika nyuzi 104 za Selsiasi, yaani nne zaidi ya maji yachemkayo; na mzee alipoinua upawa, shira haikudondoka tone tone, bali ilishuka kwa upana kama pazia. Ikachujwa kwa kitambaa kizito cha sufu na kutiwa chupani ingali moto. Iliyobaki mzee aliichemsha zaidi, akaimwaga juu ya theluji safi. Ikaganda nusu, nasi tukaizungusha kwenye vijiti na kuila. Hatujaonja kitu cha namna ile: baridi kwa nje, joto kwa ndani, na utamu wenye harufu ya mti na moshi.

Kulipokucha tuliona dirishani chupa za majuma yaliyopita, zimepangwa kwa tarehe. Ya kwanza ilikuwa ya rangi ya dhahabu. Ya pili ya kaharabu. Ya tatu kahawia. Ya nne, iliyopikwa siku zilipoanza kuwa na joto, ilikaribia kuwa nyeusi. Tukanyosha kidole kwenye ile ya dhahabu, tukasema: "Hii ndiyo safi." Bibi mwenye shamba alipotafsiriwa alicheka. Alisema zote ni safi. Zimetoka katika miti ileile, hazikutiwa kitu, wala hazikuondolewa kitu ila maji. Sheria ya Kanada inazitambua rangi zote nne kuwa ni Daraja A. Kila moja ina ladha yake, na wako wapishi wanaoitaka ile nyeusi tu. Isiyo safi ni nyingine kabisa: ni ile iuzwayo madukani, iliyotengenezwa kwa sukari ya mahindi na kutiwa rangi na harufu. Hiyo huwa nzuri kwa macho, na chupa zake zote hufanana, lakini hairuhusiwi kuitwa shira ya mepo.

Tuliporudi nyumbani tulimsimulia mdogo wetu. Alikuwa akiosha vyombo, hakugeuka. Akasema polepole: "Kaka, wakumbuka barua yangu ya kwanza nilipofika huku? Niliiandika kwa Kiswahili, Kiswahili chetu cha Buyenzi. Wewe ukanirudishia na wino mwekundu. Tangu siku ile nimekuandikia kwa Kifaransa."

Tulikumbuka. Wakati ule tulidhani tumemfanyia wema. Hatukuwa na la kusema ila kumwomba radhi, naye akasema yamepita. Lakini miaka ya barua zile haitarudi.

Ndugu msomaji asituelewe vibaya. Hatusemi sarufi itupwe. Shira haiwi shira bila ya kipimo. Mtu akiiondoa motoni mapema huchacha, akichelewa huganda chupani. Upatanisho wa ngeli ni kipimo chetu, nasi tutaufundisha mpaka siku ya kustaafu. Tunalolisema ni kwamba tulikuwa tukilipima povu wakati karai linafurika. Tena tulikuwa tukikiita kichafu Kiswahili ambacho ni rangi nyingine tu ya mti uleule, huku insha nyingi tulizozipa alama za juu zilikuwa zimetengenezwa kwa rangi na harufu za kuazima: methali zilizokaririwa, bila ya tone moja la maisha ya mwanafunzi aliyeziandika.

Siku hizi darasani twasoma insha mara mbili. Mara ya kwanza kalamu iko mfukoni, twatafuta mtoto anataka kutuambia nini, na hilo twalijibu kwanza. Mara ya pili ndipo kalamu hutoka. Kazi imekuwa ndefu zaidi. Lakini tangu usiku ule hatuoni ajabu tena kuchemsha lita arobaini ili kupata moja.

Tulirudi Bujumbura na chupa mbili, ya dhahabu na nyeusi. Mama yetu alizionja zote kwa kaimati, akaichagua nyeusi, akaiita "asali ya miti", ingawa sisi twaona "shira" ndilo jina liifaalo. Hatukumsahihisha.

Mpwa wetu naye hutupigia simu kila majira yale yanaporudi. "Mjomba," hutuambia, "maji imeanza kutoka." Nasi humwuliza: ndoo ngapi?