Neno nusu kwenye kona za Kitonga

Nilikwenda Iringa kikazi, na nimerudi na kisa ambacho kidogo kinizuie kurudi.

Tulikuwa na magari mawili, tumeachana kama nusu kilomita, tunaongea kwa redio kol. Tunapanda Kitonga, upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo. Mbele yetu lori linatambaa kama kinyonga. Nikawauliza wenzetu kama huko mbele ni kweupe. Jibu likaja limekatika: "...pite!" Nikamwambia dereva, "Mzee, wamesema tupite."

Hakupita. "Mwanangu, neno nusu si ruhusa."

Sekunde chache baadaye basi likachomoza kwenye kona, limeshika katikati ya barabara. Wenzetu walikuwa wamesema "Msipite!"

Tangu siku hiyo nasoma kuhusu mawimbi. Kumbe wimbi la redio halifiki kwa njia moja. Moja linakuja moja kwa moja, jingine limedunda kwenye mwamba, jingine kwenye bati la lori. Yakikutana vibaya yanauana. Na mlima ukikaa katikati, unaliwekea kivuli.

Wanaotaka magari yaongee yenyewe kwa yenyewe wanapambana na adui huyohuyo. Marekani ilitenga masafa ya karibu na gigahezi 5.9 kwa kazi hiyo mwaka 1999. Hapo wimbi lina urefu wa kama sentimita 5 tu, kwa hiyo gari likisogea kidogo tu, mawimbi yaliyokuwa na nguvu yanaweza kufifia. Katika mfumo huo, gari hutangaza mahali lilipo na kasi yake kama mara 10 kwa sekunde. Ukiwa kwenye kilomita 100 kwa saa, ujumbe mmoja ukipotea umeshakwenda karibu mita 3. Kumi zikipotea mfululizo, ni mita 28. Mita 28 bila macho, ndugu yangu!

Lakini kinachonikosesha usingizi si redio. Ni mimi. Kazi yangu ni habari, na siku ile nilijaza pengo kwa nilichotaka kusikia, kisha nikampelekea dereva kama habari kamili. Redio ilipoteza silabi mbili tu. Uongo niliumalizia mwenyewe.

Mzee, ahsante.